Sura ya Saba: Mkono Unaocheza

Kijana anayepiga solo katika bendi ya kanisa aliniletea gitaa lake Jumatatu asubuhi. Gitaa lilikuwa ndani ya mfuko wake mweusi, lakini mkono wa tremolo alikuwa ameushika kiganjani, umezungushiwa karatasi ya tishu kama jino lililong'olewa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekatika?"

"Umekatika, fundi. Ulikuwa unacheza sana, nikaukaza. Kesho yake ukacheza tena, nikaukaza kwa plaizi. Jana, katikati ya wimbo wa sadaka, ukanibaki kiganjani."

Nikafungua tishu. Mkono ulikuwa umekatika pale hasa hesi zinapoanzia, na mahali pa mkatiko palikuwa pa kijivu, chembechembe kama sukari. Zile hesi zenyewe, mizunguko iliyochongwa kwenye chuma ambayo mafundi wengi huiita thredi, zilikuwa zimebaki ndani ya gitaa.

Kosa hili nimelitengeneza mara nyingi, na karibu kila mara lilianza na wazo lilelile: mkono umelegea, kwa hiyo haujakazwa vizuri. Wazo hilo ndilo linalovunja mikono. Mkono wa tremolo haukutengenezwa ili ukazwe mpaka ugote. Ukigota, ni kweli mchezo hupungua, lakini hapo mkono hauzunguki tena. Unabaki umeelekea upande mmoja, na mara nyingi ni upande usioutaka. Ukiendelea kuusukuma ili urudi pale kiganja chako kilipozoea, nguvu yote inaishia kwenye hesi ya kwanza, mahali ambapo chuma ni chembamba kuliko kwingine kote. Mkono unacheza kwa sababu kuna nafasi kati ya hesi zake na hesi za tundu. Nafasi haiondolewi kwa nguvu. Nafasi hujazwa.

Gitaa tunalipiga, hatulichezi. Kinachocheza kwenye gitaa ni kile kilicholegea, kama vile gurudumu la baiskeli linavyocheza au mguu wa meza. Nalitumia neno hilo katika sura hii yote kwa maana hiyo ya mafundi, na nikisema mkono namaanisha kile chuma kilichopinda. Mkono wa mpigaji nitauita kiganja.

Tuanze na kilicho chini ya mkono. Kwenye gitaa la aina ya Stratocaster, ambalo ndilo limeigwa kuliko mengine, nyuzi zimepita kwenye daraja lililokaa juu ya bamba la chuma. Ukingo wa mbele wa bamba umeshikwa na skrubu sita, au nguzo mbili kwenye aina za baadaye, na hapo ndipo linapoyumbia kama mlango kwenye bawaba. Chini ya bamba kinaning'inia kipande kizito cha chuma, mimi hukiita kitofali, kilichozama ndani ya mwili wa gitaa. Nyuma ya gitaa, chini ya kifuniko cha plastiki, springi zimekishika kitofali hicho na kukivuta kinyume cha mvuto wa nyuzi. Zipo nafasi za springi tano. Wengi hutumia tatu. Mkono unapita kwenye tundu la bamba na kuingia kwenye kitofali kwa hesi. Ukiukandamiza, daraja linainama kuelekea shingo, nyuzi zinalegea, sauti inazama. Ukiuachia, springi zinalirudisha daraja.

Kumbe basi kati ya kiganja na nyuzi kuna maungio mengi, na lile la kwanza kabisa, ambalo kila harakati lazima ipite, ni hizo hesi chache ndani ya tundu dogo. Hapo pakiwa na nafasi, kiganja kinaanza kusogea na nyuzi hazina habari. Mpigaji anaisikia kama kuchelewa kidogo, halafu kile kishindo kidogo cha chuma kugonga chuma, tik, ambacho kwenye amplifaya yenye sauti kubwa na watu wote wanakisikia.

Unaweza kupiga hesabu. Chukua hesi zilizoshikana kwa kina cha milimita 10, na mkono wenye urefu wa milimita 150. Nafasi ya milimita 0.1 tu pale chini, ambayo jicho haliioni, inazidishwa mara 15 kwenye ncha: mkono unatembea milimita 1.5 bila kufanya kazi yoyote. Milimita moja na nusu ni kitu kidogo kwa anayeporomosha sauti mpaka nyuzi zilegee kabisa. Kwa anayetaka sauti itetemeke kama ya mwimbaji anayemalizia neno, ni karibu mtetemo wote.

Ndiyo maana wanaolalamika kwanza ni wale wanaoupiga mkono taratibu. Hank Marvin, mpiga solo wa The Shadows, alipata Stratocaster yake mwaka 1959 baada ya mwimbaji Cliff Richard kuiagiza kutoka Marekani, wakati Uingereza magitaa hayo yalikuwa hayapatikani. Ukisikiliza "Apache" ya 1960 utasikia karibu kila mwisho wa sentensi ya muziki ukiyumbishwa kidogo, maana mkono alikuwa ameushika ndani ya kiganja huku akiendelea kupiga. Jeff Beck, aliyefariki 2023, alikwenda mbali zaidi. Aliacha piki, akapiga kwa vidole, na katika "Where Were You" ya 1989 noti nyingi za wimbo huzipata kwa mkono: uzi unagongwa mara moja, kisha mkono ndio unaopandisha na kushusha sauti hadi noti inayofuata. Nikitaka kumweleza mtu kwa nini milimita moja na nusu inanikosesha usingizi, humwekea wimbo huo na kukaa kimya.

Mikono ya namna hii ilianza na malalamiko ya gitaa kutotulia. Clayton Kauffman, aliyejulikana kama Doc, alipata hataza ya kifaa chake huko Marekani mwaka 1932. Kilitikisa sauti vizuri lakini hakikurudi pale kilipotoka. Mpiga gitaa Merle Travis alikuwa na gitaa lenye kifaa hicho, akampelekea Paul Bigsby, fundi wa California, amtengenezee. Bigsby alijaribu, kisha akaamua kuunda cha kwake, na hicho ndicho kinachobeba jina lake mpaka leo: mkono umefungwa juu ya gitaa kwa bolti, unasukumwa pembeni ukiwa hauhitajiki, na haufunguliwi kila siku.

Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, asiyejua kupiga gitaa, aliwahi kuwa na ubia na huyo huyo Kauffman katika kampuni ya K&F mwaka 1945. Alipobuni daraja la Stratocaster, toleo la kwanza alilitupa kwa sababu sauti ilikuwa nyembamba, haidumu. Kitofali kizito kikaja kutibu hilo. Gitaa likatoka 1954, na hataza ya daraja ikatolewa 1956. Fender akaliita tremolo, ingawa kwa wanamuziki tremolo ni sauti kupanda na kupungua nguvu, na kuyumba kwa kimo cha sauti ni vibrato. Kwenye amplifaya zake akafanya kinyume, akaandika vibrato mahali pa tremolo. Jina limeshikamana, nami nalitumia.

Kwa sura hii, uamuzi wake mkubwa ni mmoja: mkono utoke. Gitaa liingie kwenye sanduku lake bila chuma kinachochomoza, na asiyetaka mkono auache nyumbani. Ni uamuzi mzuri, lakini ulidai hesi ambazo zinafunguliwa na kufungwa maelfu ya mara, na kila mara zinasagana kidogo. Ukiongeza hewa ya pwani yetu, yenye chumvi, chuma kinaota kutu ya unga, na unga huo ukisagwa kati ya hesi unafanya kazi ya msasa.

Kabla ya kushika kifaa chochote, hakikisha kinachocheza ni mkono kweli. Weka kidole kimoja juu ya bamba, pale mkono unapoingilia. Kwa kidole kingine sukuma ncha ya mkono juu na chini, polepole. Ukiuona mkono unatembea na kidole cha kwanza hakisikii kitu, nafasi iko kwenye hesi, na hii ni sura yako. Bamba likitikisika pamoja na mkono lakini gitaa halirudi kwenye tyuni, kosa liko kwingine: skrubu za mbele, springi, au nyuzi zinazokwama kwenye vijia vya juu ya shingo. Wako watu waliozungusha mkono utepe mpaka hauingii tena, kumbe skrubu mbili za daraja zilikuwa zimetoka kwenye mbao.

Tofautisha pia kucheza na kuning'inia. Mkono unaoning'inia ni ule ukiuachia unaanguka wenyewe na kuelekea chini. Wapo wapigaji wanaoupenda hivyo, usiwaguse wakati hawauhitaji. Wengine wanataka ukae pale walipouacha, karibu na kiganja. Hilo ni suala la msuguano na la ladha. Kucheza si suala la ladha. Sijawahi kukutana na mpigaji anayekutaka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Mara nyingi mkono unaocheza haujalika hata kidogo. Ni mkono wa gitaa jingine. Stratocaster nyingi zinazotengenezwa Marekani hutumia hesi ya kipimo cha inchi kinachoandikwa 10-32: unene wake ni milimita 4.83, na hesi ni 32 katika kila inchi. Magitaa mengi ya Asia hutumia kipimo cha mita, ama M5 ama M6. M6 haina ubishi, ni nene waziwazi. Tatizo ni M5. Unene wake ni milimita 5, na hatua kutoka hesi moja hadi nyingine ni milimita 0.8, ya 10-32 ni milimita 0.79. Hatua hizo zimekaribiana mno, kwa hiyo mkono wa 10-32 unaingia kwenye tundu la M5 bila kulalamika, unazunguka hadi chini, na mwenye gitaa anaridhika kwamba ni wake. Lakini una upungufu wa karibu milimita 0.17 katika unene, na utacheza tangu siku ya kwanza. Ukigeuza, mkono wa M5 kwenye tundu la 10-32, unaingia mizunguko michache kisha unakaza. Hapo mtu akitumia nguvu anaharibu hesi za kitofali, na kitofali ni ghali kuliko mkono.

Huku kwetu mchanganyiko huu ni wa kawaida. Magitaa mengi yanakuja yakiwa yameshatumika, na katika muziki wa dansi na wa injili mpiga solo huimbisha nyuzi kwa vidole zaidi kuliko kwa mkono. Mkono unatolewa, unawekwa kwenye mfuko wa gitaa, unapotea. Siku ukihitajika unaazimwa wowote unaoingia.

Kama mkono ni wake na nafasi ni ndogo, dawa ya haraka ni utepe mweupe wa mafundi bomba, ule mwembamba usio na gundi wanaozungushia hesi za mabomba maji yasivuje. Umetengenezwa kwa tefloni, plastiki iliyogunduliwa kwa bahati na Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont mwaka 1938, na ina sifa mbili tunazozihitaji zote mbili kwa pamoja: inajaza nafasi, na inateleza. Safisha kwanza hesi za mkono kwa mswaki mkavu wa zamani na kitambaa. Kata utepe kama urefu wa kidole. Elekeza ncha yenye hesi usoni kwako, kisha uzungushe utepe kufuata mwendo wa saa, ukiuvuta kidogo ili uzame kwenye mifereji. Mwelekeo ni muhimu: ukizungusha kinyume, mkono unapoingia tundu linaufungua utepe na kuukunja kama soksi iliyoshuka. Anza na mizunguko miwili. Ingiza mkono kwa vidole tu. Unatakiwa usikie upinzani laini, kama kufungua chupa ya asali, na mkono ubaki unazunguka kulia na kushoto. Ukiwa mzito mno, toa mzunguko mmoja.

Utepe haudumu. Kwa anayepiga kila wiki utahitaji mwingine baada ya miezi michache, na ule wa zamani utautoa kwa sindano, vipande vipande. Siuoni kama kasoro. Kazi yenyewe ni ya dakika tano na roli moja inamtosha mtu miaka.

Dawa ya pili ndiyo niipendayo. Ni springi ndogo inayotumbukizwa ndani ya tundu kabla ya mkono. Stratocaster nyingi huja nayo kutoka kiwandani, na wenyewe hawajui, kwa sababu siku ya kwanza waliyotoa mkono na kuinamisha gitaa, springi ilidondoka kimya ikapotelea kwenye zulia. Mkono unapoingia unaikandamiza, nayo inausukuma juu. Hesi za mkono zinabanwa muda wote upande mmoja wa hesi za tundu, na ile nafasi, ingawa bado ipo, haina pa kuchezea. Juu ya hayo, mkono unasimama popote unapouacha, maana springi inaleta msuguano. Ukikosa ya dukani, springi ya kalamu ya kubonyeza inafanya kazi: kata kipande cha milimita 5 au 6, lainisha kwa tupa ncha iliyokatwa, kidondoshe ndani, kisha zungusha mkono mpaka uhisi umeigusa. Baada ya hapo robo mzunguko au nusu inatosha. Siku ukitoa mkono, ziba tundu kwa kidole gumba kabla hujaligeuza gitaa.

Aina nyingine za mikono zina tiba zake, na ni fupi. Jazzmaster, ambayo Fender aliitoa 1958, haina hesi. Mkono unachomekwa kwenye bomba dogo lenye meno ya kubana. Ukicheza, bomba hilo hubanwa kidogo sana kwa plaizi iliyofunikwa kitambaa. Daraja la Floyd Rose, lililopata hataza 1979 na kupendwa na wapigaji wa roki nzito, mara nyingi lina kola ya kukaza kwa vidole na washa za plastiki chini yake. Kaza kola, ikishindikana, washa zimelika, nunua nyingine. Ibanez nyingi zina mkono wa kuchomeka wenye vishikizo vya plastiki vinavyobadilishwa. Na madaraja mengine ya kisasa yana skrubu ndogo ubavuni mwa kitofali, ya kukaza kwa alenki, inayoupa mkono uzito unaoutaka. Laiti yote yangekuwa nayo.

Nirudi kwa kijana. Nilitoa nyuzi, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikachomoa springi moja moja, kisha skrubu sita za mbele, na daraja zima likatoka. Watu wengi wakiona hesi zimebaki ndani wanakimbilia kutoboa kwa drili. Kuna njia ya upole zaidi. Bamba limefungwa kwenye kitofali kwa skrubu tatu, na tundu la bamba halina hesi, mkono unalipita tu. Ukitenganisha bamba na kitofali, kipande kilichokatikia usawa wa bamba kinabaki kimesimama juu ya kitofali kwa unene wa bamba lenyewe, kama milimita mbili. Nilitia tone la mafuta ya kulegeza kutu, tukanywa chai. Baada ya nusu saa nikakibana kile kisiki kwa plaizi yenye mdomo mwembamba na kukizungusha kinyume cha saa, kidogo mbele, kidogo nyuma. Mara ya nne kikasogea.

Nilipokipima kwa kalipa, unene ulikuwa 4.8. Nikachukua bolti mpya ya M5, ile ya kawaida ya duka la vifaa, nikaijaribu kwenye tundu. Iliingia kwa vidole mpaka chini, na nilipoitikisa haikutikisika.

"Huu mkono ulikuja na gitaa?" nilimuuliza.

"Hapana, fundi. Gitaa nililinunua halina mkono. Huu nilipewa na kaka mmoja tuliyekuwa tunapiga naye."

Kwa hiyo tundu lilikuwa zima. Miezi yote hiyo alikuwa anakaza kitu ambacho hakikuwa na cha kukazia. Nilimfungia mkono wa M5 kutoka kwenye kopo langu, nikadondosha springi ya kalamu ndani ya tundu, nikarudisha daraja na kuweka nyuzi mpya. Utepe haukuhitajika. Alikaa kwenye stuli, akapiga noti moja kwenye uzi wa pili na kuutikisa mkono kwa kidole cha mwisho tu, kidogo mno, na sauti ikatetemeka palepale. Akarudia noti hiyohiyo mara tano au sita bila kusema neno, ameinamisha kichwa karibu na mwili wa gitaa.

Kabla hajaondoka nilikata kipande cha karatasi, nikaandika M5 kwa kalamu ya wino usiofutika, nikakifunga kwa uzi chini ya kofia ya plastiki ya ule mkono. Ule wa zamani, usio na hesi tena, aliuomba arudi nao nyumbani.